Brandi Haikushuka

Mtaa mzima wa Kaloleni, hapa Nairobi, hutuita kina Haikushuka. Nilipokuwa darasa la sita nilimng'oa mwanafunzi mwenzangu Sylvance jino kwa sababu ya jina hilo, na mpaka leo sijamwomba msamaha.

Jina lilitoka kwa babu yangu, Tobias Otiende, karani wa bohari ya mizigo ya reli. Ilikuwa mwaka wa 1956, enzi ambazo Mwafrika kushukiwa tu kwamba amegusa brandi ya Mzungu ilikuwa balaa. Mwenye duka mmoja wa mjini alikuwa akingoja makasha thelathini na moja ya brandi kutoka ng'ambo. Bohari ikapokea thelathini, na babu akashtakiwa kwa wizi. Hakimu alipomuuliza babu brandi iliyobaki iko wapi, alijibu kwa neno moja: "Haikushuka." Mkalimani akamweleza hakimu kwamba mshtakiwa amekiri. Ati aliionja, ikakataa kushuka kooni. Mahakama yote ikaangua kicheko. Babu alifungwa miaka miwili, akapoteza kazi, akafa akiitwa mwizi.

Nyanya yangu Norah, tunayemwita Dani, ana miaka themanini na tisa. Tangu kesi ile hajawahi kunywa chai katika ukumbi wa mtaa, ukumbi ambao mumewe alikuwa mmoja wa wasimamizi wake wa kwanza. Iwe harusi, iwe matanga, akipewa kikombe hukirudisha.

"Hapa haishuki," husema.

Mwaka huu kamati ya mtaa ikaamua kuweka ubao wa majina ya wazee walioanzisha ukumbi. Dani alitaka jambo moja tu kabla ya kufumba macho: jina la mumewe liwe pale. Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Gitonga.

"Adoyo, wewe ni mtoto wetu," alisema, "lakini tukiandika mwizi kwa ubao si watu watatucheka? Niletee karatasi inasema hakuiba. Ukileta, nitamwandika na mkono wangu."

Karatasi! Nilitoka pale nimefura kwa hasira hata nikasahau mwavuli wangu. Mtu anifundishe mimi habari za karatasi? Mimi ni karani katika bandari kavu ya Embakasi, miaka kumi na miwili sasa, na karatasi za mizigo ndizo chakula changu. Nilikuwa nimefika nyumbani mtaa wa Fedha, naweka chai jikoni, ndipo nikaduwaa na sufuria mkononi. Kazini kwetu tunasema kila siku: mzigo umeshuka, mzigo haujashuka. Hakuna anayezungumzia koo. Tunazungumzia meli.

Niliomba ruhusa kazini, nikashinda siku nne kwenye jumba la nyaraka nikipiga chafya kwa vumbi. Kwa sheria za wakoloni, pombe kali iliyokuja kwa meli ilihitaji leseni, na leseni ilitaja idadi. Kasha lililozidi idadi hiyo halikuruhusiwa kushushwa. Siku ya nne nikaishika mkononi leseni ya yule mwenye duka: makasha thelathini. Nyuma yake afisa wa forodha alikuwa ameandika kwamba meli ilileta thelathini na moja, thelathini yakashushwa, moja limezidi leseni na limebaki melini, litarudi lilikotoka. Tarehe, sahihi na muhuri. Nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akaja mbio.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Nilimkabidhi Mzee Gitonga nakala mbele ya watu wote. Akaisoma kimya, midomo ikichezacheza.

"Isome kwa sauti, Mzee," nikamwambia. "Walimcheka kwa sauti."

Akavua kofia, akasoma. Alipofika kwenye kasha lililobaki melini, aliurudia mstari ule.

"Kumbe ni meli," akasema. "Mzee wa watu alikuwa anasema meli, na sisi tunacheka koo miaka hii yote. Mama Norah, tumekukosea. Tunaomba msamaha."

"Haikushuka!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Niligeuka ngumi ikiwa tayari. Alikuwa Sylvance, amesimama juu ya benchi, anapiga makofi, pengo lake wazi.

"Si mlisikia? Haikushuka!"

Ukumbi mzima ukaitikia, wazee kwa vijana, akina mama wakapiga vigelegele. Jina lile lile lililonifanya nipigane shuleni. Nililia, na sikujificha.

Mzee Gitonga akachukua brashi, akaandika TOBIAS OTIENDE kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zilikwenda upande, lakini zilisomeka mpaka mlangoni.

Kisha mkewe, Teresiah, akaleta chai. Alimpa Dani kikombe kwa woga, maana kila mtu alijua kitarudishwa. Dani alikishika kwa mikono miwili, akautazama ubao kwa muda mrefu. Akanywa, taratibu, mpaka majani ya chai yakabaki chini, akajipangusa mdomo kwa leso.

"Imeshuka," akasema. "Niongezee."