Mlio Mmoja, Mzima

Huko Olumbi, kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Palma na Mocímboa da Praia, simu ikilia mara moja ikanyamaza, hakuna anayehangaika kuipokea. Mlio mmoja maana yake mzima. Miwili, nimefika. Ikiendelea kulia mpaka upokee, kaa chini kwanza, kuna msiba.

Wahida ndiye aliyeuza vocha Olumbi, na mwaka mzima hakuwahi kujikwangulia hata moja. Kila asubuhi alisubiri mlio mmoja kutoka Mocímboa, kwa binti yake Nazira. Mimba ya kwanza ya Nazira ilitoka, na hii ya pili ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Simu ikishalia na kunyamaza, ndipo Wahida anapobandika chai.

Jambo moja tu lilimtekenya akili: kampuni ya simu inakula wapi? Ni ya wageni, ina minara nchi na nchi. Tangu gesi ionekane baharini ilifika Palma mbio, kisha ikasimamisha mnara hapa Olumbi, na jenereta yake mlafi wa dizeli, kwa ajili ya watu wanaobipu tu.

Ijumaa akaja Nélio, wakala wa kampuni, mzaliwa wa Mueda. Wahida hakumwacha hata akae.

"Mwanangu, hebu nambie. Laini mmetugawia bure, kubipu bure. Nyie mnakula nini?"

Nélio akacheka. "Mama, wakubwa hawana haraka. Kwengine kote walianza hivi hivi. Leo watu wa gesi ndio wanaolipa, kesho mtalipa nyie. Mtu akishazoea kuongea, kunyamaza hawezi tena."

"Sie tutanyamaza, utaona."

"Haya. Basi kesho, saa mbili mpaka saa nne asubuhi, kuongea bure, província yote, mkoa mzima. Waambie watu."

Wahida hakumwambia mtu. Angewaambia, nani angenunua hata zile vocha chache za kupigia misiba? Biashara nayo ina choyo chake.

Jumamosi saa mbili simu zikaanza kulia Olumbi nzima, na hazikukoma. Walioko Pemba na Mocímboa walikuwa wamesikia tangazo redioni. Wanawake wakajitwika mikono kichwani, vilio vikapanda nyumba hadi nyumba kabla hata mtu mmoja hajapokea. Maalim Abacar alishatoa jeneza msikitini, anazunguka nalo na wenzake wakiuliza ni la nani. Kibandani kwake Wahida alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na kwa kucheka akasahau kwamba mlio wa Nazira ulikuwa haujaja.

Kisha simu yake ikalia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Nazira.

Alijua ni bure. Olumbi nzima ni yeye peke yake aliyejua, na haikumsaidia kitu. Akakaa mchangani, akiogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake. Akapokea, akaibana simu sikioni.

"Mama? Mbona hunijibu? Nimejifungua alfajiri. Wa kike. Msikilize!"

Kikaja kilio chembamba, cha hasira. Wahida akalia naye. Aliuliza amefanana na nani, kama ananyonya, kama nywele anazo. Saa nne ilipofika simu ikakatika yenyewe, Nazira akiwa ndiyo kwanza anaanza kutaja jina la mtoto.

Kesho mlio mmoja ungekuja: mzima. Lakini anaitwa nani?

Wahida akavuta bunda la vocha zake mwenyewe, akatafuta ukucha mzuri, akakwangua. Mpaka adhuhuri alikuwa amekwangua tano.