Baba wa Mtoto wa Gauni la Njano

Jumapili mji mzima huhamia bustani ya ufukweni. Watu hutandika mikeka mpaka kwenye maua, watoto hubingiria majanini, na ikifika saa sita mchana hakuna mzazi anayejua wake yuko wapi. Ndiyo maana langoni kuna kibanda cha matangazo, na ndani yake kiti kimoja, kipaza sauti kimoja na daftari la watoto waliopotea.

Kiti hicho siku hiyo kilikaliwa na mkata tiketi mmoja ambaye Jumapili zote huwa kwa mama yake. Mwenzake wa matangazo aliamka na homa, naye, kwa ule ulaini wake wa kushindwa kusema hapana, akakubali kumshikia zamu. Mumewe hakuwa na habari, alishatoka tangu alfajiri. Huyo ni fundi wa majokofu, na kila Jumapili ana kazi kwenye ghala la samaki. Ghala gani hilo lisilojua kupumzika, Mungu ndiye anayejua, lakini mkewe hakuwahi kuuliza.

Saa saba mlinzi akaleta mtoto wa kike wa miaka minne hivi, gauni la njano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Baba amepotea," mtoto alisema, wala halii.

Mkata tiketi akacheka, akampa maji, akampakata. Roho ilimuuma kidogo, kama inavyomuuma kila akipakata mtoto wa mtu. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimba mbili zilizoharibika, na mume aliyemfuta machozi mara zote mbili akimwambia, "Sisi wawili tunatosha. Mimi mtoto wa nini?" Maneno hayo ndiyo yaliyomsimamisha. Alimsifia mume huyo kwa mashoga zake mpaka wakamchoka.

Akatangaza. Majina ya watoto hayatajwi pale, wasije watu wabaya wakayatumia. Hutajwa nguo tu. Na vile vipaza sauti vya kwenye nguzo za bustani vimeliwa na chumvi, sauti ya mtu hutoka kama anaongea ndani ya ndoo. Hata mama yako mzazi hakutambui.

Dakika kumi hazijapita, mlango ukasukumwa. Mume wake akaingia, anahema.

"Asanteni jamani, nimezunguka mpaka..."

Akamwona mkewe kitini. Mtoto akaruka chini, akamkumbatia mguu. "Baba!"

Mkata tiketi hakupiga kelele. Akafungua daftari kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yake.

"Karibu. Wewe ni nani wa huyu mtoto?"

Mume akamtazama mlinzi, akatazama sakafu. Na mkewe, ajabu ya Mungu, alikuwa anamwombea aseme kweli. Aseme tu, yaishe.

"Mjomba," alisema.

Mjomba! Mtu mwenyewe kazaliwa peke yake, hana dada hata wa kuazima.

"Mbona anakuita baba?"

"Si unawajua watoto. Huyu kila mtu anamwita baba."

Mtoto akainua uso akamtazama, mdomo wazi.

Hapo hasira zikampanda mkata tiketi. "Kanuni inataka mzazi. Mjomba hapewi mtoto." Akabonyeza kitufe. "Tangazo. Baba wa mtoto wa gauni la njano anaombwa afike kibandani. Baba wa mtoto wa gauni la njano."

Mume akasimama palepale, jasho linamtiririka. Mkewe akarudia. Alitaka bustani nzima isikie, mpaka wale wanaoogelea. Alikuwa anamalizia mara ya tatu mtoto alipomvuta yule mwanamume suruali.

"Baba, wanakuita."

Mwanamume akageukia ukutani, kwenye bango la bei za tiketi, akalisoma mstari kwa mstari.

Mkata tiketi akaachia kitufe. Aibu ilimshika. Alikuwa amemlenga mume, na aliyeumia ni mtoto.

Hazikupita dakika nyingi, akaingia mwanamke mwenye kapu begani na mchanga miguuni, kanuna. "Jamani, mmetangaza mara ngapi? Si nimemtuma huyu?" Akamgeukia mwanamume. "Kwani hukuwaambia wewe ndiye baba yake?"

Mume akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hata sasa alikuwa anautegemea wema wake. Jibu mkata tiketi alikuwa nalo. Neno moja tu, mke, na yule mwanamke angeangusha kapu. Lakini mtoto alikuwa amesimama katikati yao, anawatazama wakubwa mmoja mmoja, anasubiri kuambiwa.

"Weka sahihi hapa, dada," alisema, akamsogezea kalamu. "Mchukue mwanao."

Mwanamke akatia sahihi. Mume akashusha pumzi, akanyoosha mkono haraka, na mtoto akaushika bila kinyongo, kama anavyoushika siku zote. Alikuwa mtoto mtiifu. Ameshasikia jinsi baba yake anavyotaka kuitwa.

"Haya, twende, mjomba."

Mama yake, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akasimama.