Herufi Nzito za Síofra

Nuala Breslin alifika uwanja wa mbio za farasi wa Curragh na karatasi moja mfukoni, ukurasa aliouchana kwenye kitabu cha mnada wa farasi. Juu palikuwa na jina la farasi wake Síofra, chini yake la mama yake Banbha, na chini zaidi la bibi yake Gráinseach. La bibi peke yake lilichapwa kwa herufi nzito, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kung'ara katika mbio kubwa. Mengine yalikuwa membamba, na wanunuzi wa mnadani Kildare wakikuta majina membamba hufunua ukurasa unaofuata bila hata kukohoa.

Mdogo wake Fintan, waliyerithi naye farasi huyo kwa baba yao, alikuwa akitafuna kucha.

"Leo mbio ni kubwa. Akiingia tatu bora, jina lake nalo linanona na tunamzalisha nyumbani," alisema. "Asipoingia, Jumatatu anakwenda mnadani. Tulikubaliana, dada."

"Tulikubaliana. Sasa acha kucha, utakula na vidole."

Nuala hakuwa na wasiwasi. Wengine huusoma ukoo wa farasi kwa macho. Yeye aliusoma kwa alama za meno mkononi mwake. Banbha alikimbizwa mbele kila mara, na kila mara alichoka kwenye mlima wa mwisho, kwa sababu hakuwa na wa kumkasirikia. Gráinseach ndiye ambaye baba alimweka nyuma, akaona mikia ya wenzake, akawaka. Síofra alikuwa amekimbia mara sita, zote mbele, kwa amri ya Fintan. Alishinda moja ndogo kule Ballinrobe, kwingine aliambulia wa nne, wa tano, na mara moja wa mwisho. Leo, kwa kuwa huenda ikawa mbio yake ya mwisho, Nuala alisema amri ni yake.

Mpanda farasi, Dara Tuohy, alikuja akagusa kofia.

"Mama, nimpeleke mbele kama kawaida?"

"Thubutu! Kaa mkiani. Wote wampite, awatazame matako mpaka akasirike."

"Na asipokasirika?"

"Huyu? Asubuhi nimechelewesha shayiri dakika tano, kaning'ata. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Dara. Akianza kukunja masikio, wewe shika tu usianguke."

"Dada, umerukwa na akili," alisema Fintan.

Farasi kumi na moja waliondoka. Síofra akawa wa kumi na moja, na akabaki hapo mpaka kona kubwa. Fintan alifunika uso kwa kofia. Nuala alitazama masikio tu. Walipoingia kwenye mlima, matope ya wenzake yalimpiga Síofra usoni, na masikio yakalala chali.

"Haya sasa," alisema Nuala.

Síofra alimpita wa kumi, wa tisa, akapenya katikati ya wawili walioanza kuyumba. Watu jukwaani waliinuka. Nuala alikuwa akipiga kelele bila kujijua, sauti ile ile ya baba yake. Wawili wa mbele walikuwa mbali mno, lakini wa tatu alimezwa hatua chache kabla ya mstari.

Ndugu hao wawili walikumbatiana, wakalia kwa furaha, wakakanyagana miguu. Mwenye farasi aliyeshinda, bwana wa koti la gharama, alipita na kombe lake akaduwaa.

"Jamani, wa kwanza ni mimi. Mbona mnalia nyinyi?"

Kisha akamtazama Síofra, aliyekuwa bado amekunja masikio akitafuta wa kumng'ata.

"Mnamuuza huyu?"

 Nuala alimwachia mdogo wake ajibu, maana mnada wa Jumatatu ulikuwa wazo lake.

Fintan alichomoa kalamu, akachukua ule ukurasa mfukoni mwa dada yake, akamgeuza dada, akaulaza mgongoni mwake na kulikoleza jina la Síofra, herufi moja moja, mpaka karatasi ikatoboka.

"Hauzwi hata jino," alimjibu bwana yule. "Wa kuuzwa ni watoto wake, na bado hajawazaa."