Mtu Wangu wa Mtihani

Nilipotimiza miaka sitini na mitatu, msimamizi mpya wa jimu alibandika karatasi mlangoni: kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti cha ualimu wa mazoezi asifundishe mtu. Jimu nzima aliyefundisha bila cheti nilikuwa mimi peke yangu.

Niliajiriwa pale kufagia. Lakini kwa miaka sita, kila alfajiri, kabla vijana hawajaja kujitazama kwenye vioo, nilikuwa na darasa langu la wazee kumi na mmoja: magoti mabovu, viuno vilivyokaza, mmoja aliyepooza upande na kuanza kupata nafuu. Nimebeba magunia stesheni, nimepika kwenye kambi za machimbo, nimelinda maghala. Mwili uliochoka naujua.

"Mzee, ufagio unakutosha," msimamizi aliniambia. "Kile kitabu cha kusomea cheti kina kurasa mia nne."

"Nitazisoma zote, na jalada juu."

Shule yangu ni ya vipande: darasa la nne huku, la sita kule, kisomo cha jioni kwingine. Kitabu kilinitoa jasho kuliko gunia. Naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani mstaafu, mwanamke wa mwili mkubwa, goti la kushoto limemgomea. Yeye ndiye aliyekishika kitabu mezani jikoni, miwani puani, akinihoji kama polisi.

"Msuli wa mbele wa paja una vichwa vingapi?"

"Vinne."

"Kazi yake?"

"Kunyoosha goti."

"Wangu umeacha kazi tangu lini?"

"Tangu uliposema mazoezi ni ya watu wasio na shughuli."

Alinirushia kitambaa cha vyombo.

Mtihani wa maandishi nikapita. Ukabaki wa vitendo: unakwenda na mtu wako, unamfundisha mazoezi matatu kwa dakika kumi na tano, mtahini anaandika. Wenzangu wa mtihani, vijana watupu, walichagua wakimbiaji na mabondia. Mtu wa hivyo hata ukimwelekeza vibaya atafanya vizuri.

"Babu, nikuazime mdogo wangu," mmoja aliniambia. "Ana misuli mpaka masikioni."

Nikakataa. Nikarudi nyumbani nikamwambia dada, "Nakuchukua wewe."

Alitazama goti lake. Mwaka uliopita alianguka bafuni akakaa sakafuni tangu saa nne asubuhi mpaka niliporudi saa kumi. Tangu siku hiyo hata kitu kikianguka hakiokoti, anakisogeza kwa mguu.

"Unataka kunianika mbele za watu?"

"Nataka wakuone ukiinuka. Hao ndio watu ninaowafundisha mimi."

"Na nisipoinuka?"

"Basi nimeshindwa kwa haki."

"Mjinga wewe. Nitavaa nini?"

Daktari akampima, akaandika kwamba anaruhusiwa. Wiki tatu tulijifunzia juu ya godoro.

Siku yenyewe, mtahini, mama mmoja mwenye saa ya kupimia muda shingoni, aliisoma barua ya daktari mara mbili. Zoezi la kwanza, kuinuka kitini: safi. La pili, kusukuma ukuta: safi. La tatu, kulala chini na kuinuka. Kushuka peke yake kulikula dakika tatu.

"Geuka ubavu," nikamwambia. "Mkono wa juu uweke mbele ya kifua. Sukuma. Sasa magoti na mikono."

Nikamwekea taulo chini ya goti bovu.

"Mguu wa kulia mbele."

Mguu ukakwama.

"Vuta pumzi, dada."

"Vuta wewe! Mimi naivuta tangu asubuhi!"

Vijana waliongoja zamu yao wakacheka. Mtahini akabonyeza saa. "Muda umekwisha. Mzee, mshike mkono umnyanyue. Nitaandika amemaliza kwa msaada, na utapita."

Mkono wangu ulishakwenda nusu njia. Niliwaona wazee wangu kumi na mmoja wote kwenye ule mkono: nikipita, darasa lao linabaki.

"Asiniguse mtu!" dada akafoka, uso chini, jasho likidondoka kwenye taulo.

Nikarudisha mikono mgongoni nikaishikanisha. "Hatuna haraka," nikasema. "Kanyaga. Egemea paja lako. Sasa."

Akainuka. Ilichukua karibu dakika mbili juu ya muda. Akasimama akiyumba, akaliweka sawa gauni lake, akawatazama wale vijana mmoja mmoja mpaka wakatafuta pa kuweka macho.

Mtahini aliandika kilichotakiwa kuandikwa: amepitisha muda. Alama sitini na sita. Ya kupita ni sabini.

"Ungemshika tu," akaniambia taratibu.

"Ningemshika, mngempa cheti mtu wa kunyanyua mizigo. Hiyo kazi nilishaacha. Marudio lini?"

"Baada ya wiki sita. Lakini nakushauri uje na mtu mwepesi."

"Mwepesi nani?" dada akadakia. "Andika mimi. Na wewe," akanigeukia, "hao wazee wako wiki sita hizi waje uani kwangu. Mlango nitawafungulia mwenyewe, na mstari wa mbele ni wangu."

Nikachukua kalamu, nikaliandika jina lake kwenye fomu ya marudio kwa herufi kubwa.