Kisima Kilichofutwa kwa Wino Mwekundu

Mtaani walimwita Mzee Futikamba, japo alikuwa amekwishastaafu upimaji ardhi miaka kumi na miwili nyuma. Tangu asubuhi alikuwa ametandaza ramani juu ya meza ya chakula, na hakuna aliyethubutu kuomba hata nafasi ya sahani. Likizo ya msimu wa joto ilikuwa imebakiza wiki tatu kuanza. Alikuwa ameazimia kumpeleka mjukuu wake katika hifadhi tatu za taifa za jangwani, ambazo mipaka yake aliipima yeye ujanani, na alijua fika kwamba akiahirisha tena, magoti hayatampa mwaka mwingine.

Kikwazo kilikuwa bintiye, muuguzi, mwenye gari.

"Baba, jangwani, msimu wa joto, na miaka sabini na minne," alisema binti, angali na sare za kazini. "Ukiletwa wodini kwangu, niwaambie wenzangu ulifuata nini?"

"Waambie nilikuwa kazini."

"Ulishastaafu."

"Jangwa halijastaafu."

Mjukuu, msichana fundi magari ambaye ndiye angeendesha, aliinamisha uso kuficha kicheko.

Mzee alimsogezea binti daftari. Safari ingeanza alfajiri. Gari lingekaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Umbali alikuwa ameupima kwa uzi, kona kwa kona. Maji ni lita sita kwa mtu kwa siku, na mapipa yangejazwa tena kwenye kisima kimoja, njiani kuelekea hifadhi ya tatu. Muuguzi alisoma kama asomavyo faili la mgonjwa, bila kuruka mstari.

"Kisima hiki umekithibitisha?"

"Nilikichora kwa mkono wangu."

"Lini?"

Mzee akakohoa. Mjukuu hakungoja, alipiga simu kwenye lango la hifadhi ya tatu, akaongeza sauti wote wasikie, na mzee akauliza juu ya kisima cha kwenye ramani yake.

"Kisima hicho kilifukiwa na mchanga, mzee wangu," alijibu askari wa hifadhi. "Mimi naajiriwa nimekuta hakipo, na sasa nina watoto wanne. Hiyo ramani unayo bado?"

"Ninayo."

"Itunze. Watu wa makumbusho wataitaka."

Kwa miaka thelathini mzee alikuwa amewafukuza vijana kazini kwa kosa hilihili: kuandika wasichokwenda kukiona. Kubishana angeweza, sauti alikuwa nayo. Badala yake alichukua kalamu nyekundu, akakipiga kisima mstari, akatia tarehe na sahihi pembeni, kama kanuni ya ofisi ilivyomtaka aliyekosea. Kisha, kwa mkono mzito, akaikata hifadhi ya tatu, ile aliyoipenda kuliko zote.

"Hifadhi mbili. Siku sita. Maji yote tunabeba kutoka hapa, na kila lango nitalipigia simu mwenyewe."

Tangu azaliwe, muuguzi hakuwahi kumwona baba yake akifuta mstari wake mwenyewe. Alivuta kiti, akaketi.

"Andika watu watatu."

"Wa tatu nani?"

"Mwenye gari. Na kivulini tunaingia saa tatu, si saa nne."

"Saa tatu na nusu."

"Saa tatu, Baba."

Mzee aliandika saa tatu, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuhesabu maji upya.