Vyeti vya Asubuhi Moja

Wafanyakazi wa karakana ile ya samani walimwita bosi wao Kesho, ila si mbele yake. Ukimwomba glavu, kesho. Ukimwomba barakoa ya vumbi, kesho. Ukimwomba akufundishe ile mashine mpya ya kukata mbao kwa kompyuta, hapo ndipo kesho ilipozaa kesho kutwa, na kesho kutwa ikazaa mtondo. Mwenyewe alijiona mtu wa maana, mlishi wa familia nyingi, na kwa kweli mishahara hakuchelewesha. Tumpe haki yake mapema, maana yanayokuja hayatampendeza.

Mashine hiyo aliinunua kwa mbwembwe, akamwajiri fundi mmoja wa kuiendesha. Fundi hakukaa. Kiwanda kikubwa cha upande wa pili wa mji kilimwita kwa mshahara mnono, akaenda bila kugeuka nyuma. Tangu hapo mashine ikafunikwa shuka la maua, na Kesho akapata wimbo wa kuimba kwenye vikao vya wenye biashara: ujuzi hakuna, watu hawajui kitu, vyuo vinatutupia mizigo. Wenzake walimpigia makofi. Hakuna aliyemuuliza, "Na wewe umemfundisha nani?" Nyani haoni kundule.

Mke wake peke yake ndiye aliyethubutu.

"Si uwafundishe hao ulio nao, baba watoto?"

"Niwafundishe halafu jirani aje awachume? Mimi si wa kupanda miti ya wapita njia."

Basi ikaja zabuni ya madawati ya shule, na ndani yake sharti: wafanyakazi wawe wamefunzwa mashine za kisasa, na vyeti vionekane. Mwingine angekuna kichwa. Kesho aliwakusanya watu wake asubuhi moja, akawapa soda na biskuti, na mpwa wake akawaonyesha picha za mashine ukutani. Kisha shuka likaondolewa. Kila mmoja akasimama mbele ya mashine, akabonyeza kitufe cha kijani, akapigwa picha, akampisha mwenzake. Mashine haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme. Kabla ya chakula cha mchana vyeti vikagawiwa, vina utepe wa dhahabu, vimeandikwa "Mwendeshaji Mahiri". Funika kombe mwanaharamu apite! Zabuni ikapatikana, na madawati yakakatwa kwa msumeno uleule wa zamani.

Wengi walicheka chinichini. Mzee Randa, msimamizi wao, alikiweka cheti chake chini ya kopo la gundi ili meza isichafuke. Lakini Msasa hakucheka. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kusugua mbao kutwa kucha, na maishani mwake hakuwahi kupewa cheti cha kitu chochote. Alidhani mafunzo ndivyo yalivyo. Cha kwake alikitilia fremu.

Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Daktari alimwambia kinagaubaga: ama uliache vumbi hilo, ama likumalize.

Siku moja akaingia ofisini kwa Kesho, uso umemchanua.

"Baba, nimeitwa!"

"Umeitwa wapi?"

"Kiwanda kikubwa kile. Wanatafuta waendesha mashine, nikawapelekea cheti chako. Huko mwendeshaji anakaa kwenye chumba cha vioo, baba, vumbi haliingii kabisa. Jumatatu wananijaribu."

Kesho angeweza kusema palepale. Maneno mawili tu: usiende, nilikudanganya. Badala yake akatabasamu, akamvisha kilemba cha ukoka. "Hongera, mwanangu. Wewe jiamini tu." Akatoa na nauli mfukoni, akampa. Msasa akashukuru kwa mikono miwili, na shukrani zile Kesho hakujua aziweke wapi.

Hayakuishia hapo. Jioni simu ikalia. Ni wao, wa kiwandani.

"Cheti hiki umekitoa wewe?"

"Nimekitoa mimi."

"Na kweli mama huyu anaweza kuiendesha mashine?"

Akiwaambia hawezi, wataulizana vyeti vile ni vya nini, na habari itawafikia wenye zabuni, ambao walikuwa karibu kumpa awamu ya pili. "Anaweza," akasema, macho makavu. Alipokata simu aliona haya kumtazama hata mpwa wake aliyekuwa akipanga mafaili pale pembeni. Usiku mkewe alimuuliza ana nini, akasingizia kichwa.

Jumatatu ilipofika hakushika kazi ikashikika. Kila mlango ulipolia alichungulia dirishani. Kabla ya mchana alimwona Msasa akiingia getini, amevaa nguo zake nzuri, anatembea kando ya ukuta. Msasa akabadilisha nguo, akajifunga kitambaa puani, akachukua ubao na kuanza kusugua. Wenzake wakamzunguka.

"Vipi, mama? Wamekupa?"

"Wanipe nini! Nimetafuta kitufe cha kijani, hakipo. Mashine yao ni kioo kitupu cha kugusa kwa kidole. Nikauliza kitufe kiko wapi, wakatazamana, wakacheka. Mkubwa wao akaniuliza, nani alikufundisha? Nikamtaja baba."

Kesho alikuwa amekwisha toka ofisini. Msasa alipomwona aliweka ubao chini, akasimama.

"Nisamehe, baba. Nimekutia aibu. Wewe ulitufundisha, mimi ndiye sikushika. Na nimewaambia hivyohivyo: bosi wangu hana kosa, kichwa changu ndicho kibovu."

Jamani! Afadhali angemtemea mate. Kesho alisikia uso unamwiva mpaka masikioni. Mzee Randa alitazama ndani ya kopo lake la gundi. Ilibaki Kesho aseme tu, "Yamepita, rudi kazini," na mambo yangezikwa hapo, na awamu ya pili ingekuja. Alifungua mdomo aseme hivyo. Msasa akashikwa na kikohozi, akashika ukingo wa meza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kukohoa bado anaomba radhi.

"Hukufundishwa," Kesho akasema.

"Abee?"

"Hukufundishwa kitu. Hakuna aliyefundishwa hapa. Mashine haikuwa hata kwenye umeme. Niliwadanganya nyote, na wale waliponipigia simu nikawadanganya tena, nikijua utakwenda kuumbuka."

Alingoja matusi. Aliyataka, kwa kweli, yamsaidie kubeba kosa lake. Msasa alishusha kitambaa puani, akamtazama.

"Kwa hiyo, baba, kichwa changu hakina kasoro?"

"Hakina."

"Basi wapigie uwaambie. Walinicheka sana."

Hakusema kwa hasira. Watu wote walikuwa wamesimama, na hapakuwa na mashine hata moja inayonguruma ya kumfichia sauti. Kesho akatoa simu, akapiga. Upande wa pili wakauliza ni nani anayezungumza, naye ikambidi aanze kwa kulitaja jina lake.