Siku Sungura Alipoacha Kuchafua

Kazini wananiita Bi Deki, na sioni haya kuitwa hivyo. Mwaka wa kumi na tisa huu nasimamia usafi wa wodi ya upasuaji. Kwangu tambara la kitanda haligusi meza, la meza haligusi sakafu, na la chooni lina ndoo yake na kona yake. Anayechanganya matambara yangu, siku hiyo atanitambua. Kwa hiyo msinicheke kwa haya ninayowasimulia. Nilichokifanya nilikifanya kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo aibu inaponivaa.

Mwezi uliopita mume wangu alimleta binti yake kuishi nasi. Ana miaka saba. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na bibi yake mpaka bibi akaanza kupoteza macho. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyonayo shavuni. Mimi sijajaliwa kuzaa, na sijawahi kukaa na mtoto nyumba moja. Nilitaka anipende, basi, sikutaka kingine. Lakini asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, katikati kimya. Chakula anakichokonoa tu.

Baba yake ni fundi wa lifti, mtu wa masihara. "Mpe muda, mke wangu," akaniambia. "Hata lifti mpya husitasita siku za kwanza."

Muda! Mimi ni mtu wa kusubiri? Jumamosi nilikwenda sokoni nikarudi na sungura mweupe.

Mtoto alicheka. Ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba meno yake mawili ya mbele yameng'oka. Akampa jina Pamba, akambeba kifuani, akambusu puani mpaka sungura akapiga chafya. Nikajiona nimeshinda.

Muuza sungura alikuwa amenipa na gunia la nyasi kavu. "Hizi zisikosekane, mama," alisema. "Hiki ndicho chakula chake." Nikafika nazo nyumbani, nikafungua gunia. Vumbi, vijiti, na mdudu mmoja ananikodolea macho. Sebuleni kwangu? Thubutu! Gunia lilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Nikampa mgeni wetu mkate laini, wali, na karoti nilizozichemsha kwa mikono yangu.

Jumapili asubuhi nilimkuta kwenye sanduku lake amejikunja, kichwa kimezama katikati ya miguu ya nyuma. Nikadhani anajisafisha. Nikajisemea, huyu na mimi tutaelewana. Kisha akainua kichwa, anatafuna. Nikainama nitazame vizuri. Jamani! Alikuwa anakula kinyesi chake mwenyewe! Wala hakukiokota chini, alikuwa anakipokea kwa mdomo kikitoka, laini, kinang'aa, na anatafuna kwa raha zake.

Nilipiga ukelele hata mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

"Kuna nini?"

"Anakula mavi!"

Akajifuta povu jichoni, akachungulia sandukuni. "Kaomba nyongeza tu huyo."

"Mtoto anambusu huyu! Anambusu puani!"

Siku hiyo hiyo nilichukua picha ya zamani ya eksirei, ya bega la mume wangu alipoanguka ngazini, nikaikata, nikaikunja kama mdomo wa tarumbeta, nikamvisha sungura shingoni. Niliwahi kuona mbwa kavishwa kitu cha namna hiyo. Sasa hawezi kufikisha mdomo nyuma hata akitaka. Sungura akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Hapendi," akasema Kidoti kwa sauti ndogo.

Neno lake la kwanza kwangu ambalo si salamu! Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia, "Hata mimi sipendi uchafu." Tangu hapo nikawa napita na kijiko kila nikipata nafasi, nazoa vile vidonge vikavu vya kinyesi kabla havijakaa.

Na mambo yakaenda nilivyotaka, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jumatatu vidonge vilipungua. Jumanne vikawa vidogo kama mbegu za papai. Jumatano asubuhi nilikuta punje tatu, na kuanzia hapo sikuona kitu. Alhamisi kutwa nzima sanduku lilikuwa safi, limetakata, ungeweza kuweka sahani humo ukala. Nilifurahi mno! Nikampigia simu dada yangu kumringia kwamba nimemtia sungura adabu kwa siku nne tu. Wodini nikawaambia wasichana wangu, "Sungura ananielewa. Ninyi mna nini?"

Ijumaa asubuhi, mume wangu ameshaondoka, Kidoti akasimama kwenye mlango wa jikoni. Amempakata Pamba, machozi yanamtiririka, sauti haitoki. Sungura kajikunyata, macho kayafumba nusu, anasaga meno. Nikampa karoti, akageuza kichwa. Nikamgusa tumbo. Lilikuwa limevimba na gumu kama kiatu. Nikapiga simu kazini kuomba ruhusa, nikamtia sungura kapuni, nikamwambia mtoto anifuate, mbio kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa, lakini kucha zake fupi na meza yake imefutwa, nikamkubali. Alimvua sungura ile kola ya eksirei, akaitazama, akaiweka kando. Akamsikiliza tumbo upande huu, akamsikiliza upande ule. Alisikiliza muda mrefu.

"Mara ya mwisho alipata choo lini?"

Nikakaa vizuri kitini. "Tangu juzi, daktari, hajachafua hata kidogo." Haki ya Mungu, nilisema kwa maringo, kama mzazi anayesifia ripoti ya shule.

Akanikazia macho. "Mama, hiyo unanipa habari njema au habari mbaya?"

Hakungoja jibu, akaanza kuandika.

"Na anakula nini?"

"Mkate. Wali. Karoti za kuchemsha."

"Nyasi?"

Kidoti ndiye aliyejibu. "Zilitupwa," akasema, wala hakusema zilitupwa na nani.

Yule daktari akavuta kiti akakaa mbele yangu, na alivyoniambia sitasahau. "Sungura ana choo cha aina mbili, mama. Kile laini si uchafu. Ni chakula kilichofika nusu ya safari, lazima akile tena ndipo mwili upate nguvu yake. Na nyasi ndizo zinazosukuma matumbo. Bila nyasi, yanasimama. Sasa huyu ni mgeni. Amehamishwa, kabadilishiwa chakula ghafla, kafungwa kitu shingoni, ana hofu. Sungura akiwa na hofu, tumbo ndilo linalofunga. Hilo sanduku lilipokuwa safi, mnyama alikuwa anakufa."

Anakufa! Mimi napiga simu kujisifu, naye anakufa chumba cha pili! Miaka yote hii wodini nasikia manesi wakimwuliza mgonjwa aliyepasuliwa, umepata choo? umepata choo? na asiyepata hawampi ruhusa ya kwenda nyumbani. Nimelisikia swali hilo mara elfu huku nadeki chini ya vitanda. Halikunipitia akilini hata siku moja.

Alimchoma sindano mbili, akatupa uji wa dawa wa kumlisha kwa bomba la sindano, na mfuko wa nyasi kavu. "Msugueni tumbo polepole, mwacheni atembetembee. Akipata choo kabla ya saa kumi na mbili jioni, tumeshinda. Asipopata, mrudisheni hapa upesi, ila sitakuahidi kitu."

Tukarudi nyumbani. Nikaketi kwenye kochi, sungura mapajani, Kidoti kando yangu bega kwa bega. Nikasugua lile tumbo kwa vidole viwili. Kila nusu saa tunamnywesha uji kidogo, tunamshusha, anapiga hatua mbili anasimama, tunampandisha tena. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Mtoto hakutaka chakula, nami sikumlazimisha.

"Kidoti," nikasema, "ni mimi niliyemponza. Wewe uliniambia hapendi, nikajitia sisikii. Kosa ni langu."

Akaendelea kumshika sungura sikio.

Saa kumi kasoro robo kitu kikaniangukia kwenye sketi. Nikatazama. Punje moja, ndogo, imepinda. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu, kubwa kuliko wenzake!

"Kanya!" Nikaruka na sungura mkononi. "Kanya! Kidoti, Pamba kanya!" Nilipiga kelele hata jirani wa juu akagonga sakafu. Nikaziokota zile punje kwa vidole vitupu, mimi Bi Deki, nikazitandaza kiganjani nimwonyeshe mtoto. Machozi yananitoka, nacheka kama mwehu.

Kidoti hakucheka. Alizitazama zile punje, akaitazama sketi yangu, akanitazama usoni.

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini tena? Nimefurahi! Huoni nilivyofurahi?"

"Kachafua sketi yako."

"Sketi inafuliwa, mama."

Akavuta uzi wa mto wa kochi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niiinamie ndipo niisikie, "Na mimi tumbo langu limesimama."

"Limesimama vipi?"

"Sijaenda choo kikubwa. Tangu Jumapili."

"Jumapili ipi? Hii iliyopita?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini, Kidoti?"

"Choo chako kinang'aa sana," akasema. "Nikitoka tu, unaingia kusugua."

Nilimweka sungura chini. Nikanyoosha mkono, nikaugusisha kwenye gauni lake juu ya kitovu. Tumbo lilikuwa gumu, Mungu wangu, gumu kabisa. Nimeshinda na sungura mapajani nikimbonyeza tumbo, na mtoto amekaa kando yangu siku nzima, mkono wangu haujamgusa. Mwezi mzima haujamgusa.

Nikambeba. Nilidhani ni mzito, kumbe wapi. Mlangoni mwa choo akanishika shingo akagoma kushuka.

"Nikichafua?"

"Chafua," nikamwambia. "Chafua choo, chafua nguo, chafua nyumba nzima, mwanangu. Sisugui kitu leo."

Akaingia. Nikakaa sakafuni nje ya mlango kumsubiri, na sikuweza kuacha kulia.